Herufi za Fundi Mshazari

Sogeeni karibu, walio nje ya turubai waingie, wenye simu wazizime. Mimi ni dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni, na kwa niaba ya familia naomba mnipe masikio yenu, maana mengine humu nimeyameza muda mrefu.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Fundi Mshazari, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba yetu mshona viatu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1965, na mwalimu alimchapa sana kwa sababu mwandiko wake ulilalia mbele, akimuuliza, "Herufi zako zinakimbilia wapi wewe?" naye akajibu, "Zinawahi chakula, mwalimu," akaongezwa viboko.

Baada ya kujifunza kwa mchora mabango, mwaka 1974 alifungua kibanda chake nyuma ya stendi ya mabasi, na hapo ndipo zilipokomaa herufi zile mnazozijua, nene, hazina vikia wala madoido, zimeinama kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Aliziandika kwa kinyozi, kwenye mashine ya kusaga, kwenye duka la dawa, na hata sisi tusiojua kusoma tuliutambua mkono wake toka ng'ambo ya barabara.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, fundi cherehani, aliyemwambia mbele ya wazee, "Niandikie kwanza kibao changu, nione kama una maana," na kibao hicho kipo mlangoni mpaka leo. Walijaliwa binti mmoja na kijana mmoja.

Mwaka 2014 walikuja vijana wa kampuni ya vinywaji, wakazipiga picha kuta zake zote, huku wakimwita baba, baba, naye akawatolea viti. Mwaka uliofuata herufi zile zile zilikuwa kwenye malori yao, kwenye chupa na kofia, zimetiwa kwenye kompyuta na kupewa jina la kampuni. Hilo alilinyamazia, akisema, "Waache, dada, zimezoea kukimbia."

Lakini mwezi Juni mwaka jana alikuja bwana mmoja wa kampuni hiyo, amefunga tai, akaagiza jina la duka la dawa pale ukutani lifutwe, eti fundi anaiga maandishi yao. Mtu anaigaje mkono wake mwenyewe? Mwenye duka aliogopa, akapaka ukuta chokaa, na ndugu yangu akasimama ng'ambo akitazama, akaniambia, "Dada, kumbe uzeeni nimekuwa mwizi." Tangu siku hiyo hakushika brashi. Kifua kilimbana, akalazwa, akatutoka tarehe 19 Januari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake, na kinyozi aliyetishwa akakataa kufuta. Kampuni nayo imeleta shada, jina la ndugu yangu limechapwa kwenye utepe kwa herufi zake mwenyewe. Shada hilo liko nje ya geti, na halitaingia.

Pumzika, mdogo wangu, hukumwibia mtu.

Kibanda amerithi mkewe, ngazi kijana wake. Brashi ni za binti yake, aliyeandika jina mnaloliona kwenye jeneza. Na wewe mwenye duka la dawa, uliyejificha nyuma ya nguzo, nakuona, mwanangu, wala usilie. Ukuta wako pia umerithiwa. Binti anakuja Jumatatu.