Mkono Nje ya Dirisha: Papa Lukumani Anaacha Usukani

Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1968, baada ya miaka thelathini ya kazi, Papa Lukumani Nassoro atazima injini ya lori lake katika gereji yetu ya Kisangani na kukabidhi ufunguo kwa mara ya mwisho. Miaka thelathini, jamani! Alipoajiriwa, mji huu bado uliitwa Stanleyville, na mimi ninayeandika haya, fundi Arthur, nilikuwa mtoto wa mtoni kule Yanonge ambaye hajawahi kuona kilima kirefu kuliko kichuguu.

Wenye jarida letu la kampuni waliniomba niandike kwa utulivu. Bon, wamekosea mtu. Tangu wiki iliyopita silali vizuri kwa furaha, na mtakaposoma hadi mwisho mtajua kwa nini.

Kwa walioingia kazini juzi: malori yetu hupeleka vitenge, sabuni, mafuta ya mawese na samaki wa chumvi hadi kwenye milima ya Lubero, kisha hurudi na maharage, vitunguu na viazi. Kutoka hapa hadi Beni ni msitu na matope, na matope kila mtu anayajua. Ukishapita Butembo ndipo kazi yenyewe inaanza. Barabara inajizungusha mlimani, upande wa kulia ukuta wa mwamba, upande wa kushoto korongo ambalo mimi nilipolichungulia mara moja, chakula chote cha asubuhi kilinirudi. Papa Lukumani alinipa maji, akanipa na kipande cha muwa, wala hakumwambia mtu. Nimejitangaza mwenyewe.

Katika milima hiyo yeye ndiye dereva wa polepole kuliko wote waliowahi kushika usukani katika kampuni hii. Msidhani ninamtukana, mwulizeni mwenyewe, atacheka. Nyuma yake malori yalipanga foleni ndefu kama maandamano ya sikukuu. Abiria walishuka, wakanunua kabichi kando ya njia, wakabishana bei mpaka wakaridhika, kisha wakalifuata lori kwa miguu na kupanda tena bila hata kuhema. Bwana harusi mmoja aliyepanda juu ya magunia ya viazi alifika Butembo akakuta wakwe wameshamaliza kuku, wamebakiza shingo. Na honi! Madereva wa nyuma walipiga honi mpaka milima ikaitikia. Yeye hageuki. Alikuwa akisema neno moja tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake: “Mbele iko mutu.”

Dereva mwenzake Daudi, ambaye hawezi kukaa siku bila kumchokoza mtu, alichukua rangi nyekundu akaandika nyuma ya lori la Papa kwa herufi kubwa: IKO MUTU. Alitarajia mzee atakasirika. Papa Lukumani aliyatazama maandishi, akaomba rangi iongezwe kwenye herufi ya mwisho maana ilikuwa imefifia. Tangu hapo, kutoka Kisangani hadi Rutshuru, hakuna anayemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Yeye ni Papa Iko-Mutu.

Nami kama fundi nina malalamiko yangu. Mimi ninakula kwa breki za watu. Daudi hunilisha vizuri, Mungu ambariki. Lakini lori la Papa Iko-Mutu, kila nilipofungua magurudumu, nilikuta breki ziko karibu mpya, zinanicheka. Kama gereji nzima ingetegemea lori lake, watoto wangu wangekula ugali na chumvi.

Sasa tufike kwenye uhuru. Zamani za Wabelgiji, kwenye mteremko ulio mkali kuliko yote, kulikuwa na kizuizi juu na kingine chini. Asubuhi magari yanapanda, mchana yanashuka, hayakutani. Mwaka wa 1960 ulipofika, nani alikuwa na habari ya vizuizi? Tulicheza! Wana Kisangani tulicheza mpaka viatu vikaachama. Walinzi wa mlimani nao walienda makwao kucheza, na miti ya vizuizi ikawa kuni. Kupanda na kushuka kukawa kwa wakati mmoja, katika njia ambayo malori mawili yanapishana kwa kubanana. Na madereva vijana, kwa utamu wa uhuru, wakaona kukaa nyuma ya lori la mwingine ni ukoloni uliobaki. Kila mmoja anataka kupita, kwenye kona, kwenye ukungu, mahali popote. Aliyezidi wote alikuwa Benoît, aliyekuwa akiendesha gari la mfanyabiashara wa vitunguu. Huyo alipita watu kwa honi na sala tu. Magari yalianza kuanguka korongoni, na pamoja na magari watu.

Ndipo Papa Lukumani na wenzake wa njia ile walipokaa kwenye kibanda cha chai pale Butembo wakakubaliana juu ya mkono. Aliye mbele ndiye anayeiona kona, aliye nyuma haoni ila turubai na vumbi. Basi aliye mbele akitoa mkono dirishani, kiganja wazi, akapunga: njia ni nyeupe, pita. Akikunja ngumi akagonga mlango: kaa hapo hapo. Wageni hucheka wakisikia. Lakini hebu fikirini, unatoa lori zima upande wa korongo, na watu wako juu ya mizigo, kwa sababu tu umeona mkono wa mtu ambaye labda hata hamsalimiani!

Mikono mingine ilidanganya. Kuna madereva waliopunga ili honi za nyuma zinyamaze tu, potelea mbali. Mkono wa Papa Lukumani haukudanganya. Wale wale waliomwita mzigo, mkaa njiani, adui wa maendeleo, walipouona mkono wake umefunguka walipita bila kupunguza mafuta.

Mwaka wa 1964 waasi waliushika mji wetu, wakachukua malori pamoja na madereva wake. Papa Lukumani na Daudi, waliokuwa safarini, walijikuta wamekwama milimani, kila mmoja na lori lake. Siku ninayoisimulia, Papa alikuwa anapanda, amebeba mama wa sokoni na watoto wao waliokuwa wakikimbia mapigano, wamekaa juu ya magunia ya maharage. Nyuma yake ikatokea jeep ya wapiganaji. Na nani alikuwa kwenye usukani? Benoît. Walikuwa wamemkamata Butembo kwa sababu walisikia anajua kukimbiza gari.

Mkuu wao alikuwa na haraka. Ikaanza honi, yakafuata matusi, kisha risasi hewani. Wale mama wakajilaza kifudifudi juu ya maharage, wakiwafunika watoto. Papa Lukumani akabaki katikati ya barabara, gia ya kwanza, mwendo wa kwenda msibani. Maana huko juu, ng'ambo ya korongo, pale barabara inapojionyesha kidogo kabla ya kujificha tena, alikuwa ameliona lori la kijani la Daudi likishuka. Halikupunguza mwendo kwenye kona, na watu waliokuwa juu yake walikuwa wakipunga nguo zao. Breki zilikuwa zimekufa. (Msinitazame mimi! Lori lile lilikuwa halijaletwa gereji tangu vita vianze.)

Alipoikaribia kona aliligandamiza lori lake kwenye ukuta wa mwamba, akauacha wazi upande wa korongo ili Daudi apate pa kupitia. Sasa ona balaa: kwa aliye nyuma, hiyo ni njia imefunguliwa! Mkuu akamwamrisha Benoît apite. Bunduki ikawekwa shavuni mwake. Na Benoît, yule Benoît wa honi na sala, akautazama mlango wa lori lililo mbele yake. Mkono ulikuwa nje ya dirisha. Ulikuwa ngumi, na ilikuwa inagonga.

Benoît akakanyaga breki.

Bunduki iko shavuni, na mtu anatii ngumi ya mzee! Lori la Daudi likatokea konani likinguruma, likapita pale pale ambapo jeep ingekuwa, likang'oa kioo cha Papa Lukumani, likaenda kuishia huko chini kwenye shamba la viazi, likalala ubavu. Waliumia, walilia, Daudi alivunjika mkono, lakini hakuna aliyekufa. Huko juu nako, wale mama wakainuka kutoka kwenye maharage, wakapiga vigelegele. Mkuu wa wapiganaji alishuka, akalitazama korongo, akalitazama vumbi, akarudi kukaa kwenye jeep. Jeep ilimfuata Papa Iko-Mutu mpaka Lubero, na hakuna aliyegusa honi.

Amani iliporudi, Benoît alikuja kuomba kazi hapa kwetu. Alipoulizwa anataka njia gani, alisema anataka njia yoyote, mradi awe nyuma ya Papa Lukumani. Ameniruhusu niyaandike haya, na amesema nisisahau kuandika kwamba siku ile suruali yake ilibaki kavu. Nimeandika. Mimi sikuwepo.

Sasa mtauliza: mbona anaondoka, naye alikuwa na haki ya kuendelea miaka miwili zaidi? Mwezi wa nne, kwenye milima ile ile, Benoît akiwa nyuma, Papa alitoa mkono wazi. Benoît akatoka kupita kama kawaida, bila wasiwasi. Mara mkono ukajikunja ukaanza kugonga kwa nguvu. Mbele kulikuwa na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, amevaa nguo ya rangi ya udongo, na Papa Lukumani hakumwona mpaka amemkaribia. Benoît alirudi nyuma yake kwa shida, viazi vikamwagika njia nzima, na yule mama akaendelea na safari yake akiwatukana wote wawili kwa Kinande. Hakuna aliyeguswa.

Wengi wetu tungesema Mungu mkubwa, twende zetu. Yeye alisimamisha lori, akashuka, akamwomba Benoît msamaha mbele ya madereva wote waliokuwa kwenye foleni. Aliporudi Kisangani alipeleka ufunguo kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akambembeleza: basi afanye safari za hapa mjini, kwenye tambarare, Simi-Simi na kurudi. Papa akajibu kwa upole: “Ule wa nyuma anapitaka na macho yangu. Macho ikichoka, mukono inadanganya.”

Mimi nilikasirika, nasema kweli. Nilimfokea mzee wa watu! Nilimwambia miwani ipo mjini, nilimwambia ni kosa moja tu katika umri mzima. Akacheka, akasema miwani ya daktari inaona gazeti lakini haioni kona. Nilirudi kwenye shimo langu la gereji nikalia chini ya lori lake, ambako hakuna wa kunicheka. Niliona uchungu kwa sababu alikuwa amesema sawa.

Sasa anahamia ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenye shamba ambalo mke wake Mama Madina amelilima karibu peke yake miaka yote hii. Mama Madina ametuambia kwamba amechoka kupika sombe ya watu wawili na kuila na majirani, na kwamba mara hii akichelewa kufika mezani hatapokea habari za mlima. Papa, hapo hakuna wa kukutetea. Tunakushukuru kwa mizigo yote uliyoifikisha, na zaidi kwa watu wote waliofika nyumbani kwa sababu walikuwa nyuma yako wakilalamika. Wewe na Mama Madina mkae salama, mle mkiwa pamoja, mvushwe mto na wavuvi wasio na haraka.

Na sasa lile linaloninyima usingizi. Katika miaka thelathini Papa Lukumani hajawahi kumpita mtu mlimani, hata mmoja. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi malori yetu yote yatasimama upande wa kulia wa barabara ya Simi-Simi, moja nyuma ya jingine, injini zikinguruma. Benoît atakuwa wa mwisho kwenye mstari, Daudi wa kwanza. Papa atakuja na lori lake kutoka nyuma, nami nitakaa kando yake, nikiwa nimekula kidogo. Tulipomweleza, alikataa katakata. Alisema haoni vizuri, atapitaje watu? Tukamwambia hiyo ndiyo sababu yenyewe. Kisha akauliza kama breki nimezikagua.

Papa, nimezikagua. Barabara itafungwa, watoto wote watakuwa kwa mama zao, na kila dirisha litakuwa na mkono wazi, kutoka kwa Benoît mpaka kwa Daudi. Umetupitisha kwa macho yako miaka yote hii. Jumamosi utapita kwa macho yetu. Mbele hakuna mutu, Papa. Pita.