Chetezo cha Bi Thuwaiba Kingali Tanurini

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Thuwaiba Abass anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuchoma vyombo vya watu wengine katika kituo chetu cha ufinyanzi hapa Mabawa. Alikuja kutoka Pemba, akaajiriwa kufanya usafi. Tanuri la umeme lilipoletwa, aliambiwa aliangalie mara moja moja. Hakuacha kuliangalia.

Wanafunzi wetu wengi hufinyanga kwa kujifurahisha: wauguzi, makarani wa bandari, walimu wastaafu. Hufinyanga Jumamosi na kutaka kikombe Jumapili. Wote Bi Thuwaiba aliwaeleza jambo lilelile: udongo unaoonekana mkavu bado una maji ndani. Ukiupandishia joto kwa haraka, maji hayo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea, na njia yenyewe ni kikombe chako. Kwa hiyo huanza na moto mdogo, kisha hushika kioo chake cha kupakia wanja mbele ya tundu la tanuri. Kioo kikipata ukungu, moto haupandi. Kipima joto anakiheshimu. Kioo ndicho anachokiamini.

Mbali na tanuri, si mtu wa subira. Hushuka kwenye bodaboda kabla haijasimama, na chungwa la Muheza huanza kulila kabla hajamaliza kulimenya. Mkutano wa wafanyakazi ukirefuka, huinuka na kuondoka. Mikutano yetu imekuwa mifupi.

Mwezi huu tulimfinyangia kwa siri chetezo cha kufukizia udi, kiwe zawadi ya kumuaga. Alipokwenda harusini Moa, tulikichoma wenyewe. Mkuu wa kituo, Bwana Wilfred, alishauri tuanze na moto mkubwa ili kiive kabla hajarudi. Mlio ulisikika hadi kwa wauza samaki. Bi Thuwaiba aliporudi alichungulia tanurini, akatazama vipande.

"Hiki kilikuwa kinawahi wapi?" aliuliza.

Beatrisi, mwalimu wa darasa la Jumamosi, alifinyanga kingine. Safari hii tulimpa Bi Thuwaiba akichome mwenyewe, tukamwambia ni cha mteja. Alikipindua, akasoma jina lililochorwa chini.

"Mteja wenu ana jina zuri," alisema, akakipanga ndani.

Joto lilipanda taratibu, kioo kikabaki kikavu, ndipo moto ukaongezwa hadi nyuzi elfu moja. Sasa tanuri linapoa. Asubuhi Bwana Wilfred aliomba mfuniko uinuliwe kidogo tu, kwa kuwa wageni wamealikwa baada ya swala ya Ijumaa.

"Wilfred mwanangu, hewa baridi ikiingia utaniaga kwa vigae," alimjibu. "Mwenye haraka ni ratiba. Mimi sina."

Ratiba imebadilishwa. Wageni watakunywa chai kwanza, na tanuri litafunguliwa litakapokuwa tayari.

Bi Thuwaiba ametoa sharti moja. Chetezo kikitoka kizima, atamkabidhi Beatrisi kioo na kwenda nyumbani. Kikitoka na ufa, Jumatatu atarudi kuchoma cha tatu, kwani hataki kutuachia tanuri kwa mfano mbaya.

Bi Thuwaiba, ahsante kwa kila chombo kilichofika mezani bila kupasuka. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na chetezo kizima, ingawa hilo la mwisho wengine wetu hatujaliombea kwa bidii.