Maneno ya Jirani wa Kwanza Siku ya Sanamu ya Derk Wissink

Mheshimiwa Meya Van Alphen. Profesa uliyetoka chuo kikuu kuja kutueleza jinsi tunavyoongea. Waheshimiwa wanakamati wa sanamu. Ndugu wageni waalikwa mliokuja kwa mabasi manne na viatu vya mbao mlivyonunua jana. Majirani zangu wa Wolderbeek mliokuja kwa baiskeli kwa kuwa hakuna aliyewatumia basi. Na wewe, Derk Wissink, uliyewekewa kiti cha mbele chenye mto: nawasalimu nyote.

Mimi ni Hermien Geurkink. Nafuga ng'ombe sitini na watano, na nyumba yangu ndiyo inayofuata ya Derk kwa upande huu wa barabara, hakuna kitu katikati yetu ila shamba la mahindi. Kwetu huyo huitwa jirani wa kwanza, na hiyo si bahati, ni kazi. Wenye nyumba ya jirani wana zamu yao: mtoto akizaliwa kwako, wao ndio wa kubisha na mkate mrefu wa zabibu, ukiugua, wanakukamulia ng'ombe, ukifa, wanazunguka kuwaarifu wengine, na wanaume sita wa nyumba sita za jirani wanakubeba hadi makaburini. Na siku ukitukuzwa, jirani wa kwanza ndiye anayesema. Kamati ilimtaka Profesa. Wazee wa hapa wakasema hapana, atasema Geurkink. Basi kamati ikaniletea hotuba iliyokwisha kuandikwa, na ninaishukuru sana, kwa maana karatasi ilikuwa kavu na jiko langu liliwaka mara moja.

Nianze na sifa, maana mwenye haki yake apewe. Mimi nilipokuwa darasa la pili, mwalimu alikuwa akitusimamisha pembeni tukiongea lugha ya hapa kama mama zetu. Mama yangu alikwenda benki mjini, akaongea kidogo tu, karani akamwita mwenzake aje asikie. Mama akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo akamwachia baba mambo yote ya mjini. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyaishi Derk na wenzake watatu walipopanda juu ya tela la kubebea nyasi, na gitaa mbili, kodiani na ngoma iliyofungwa kamba, wakajiita Jaa la Samadi. Wakaimba lugha yetu kwa sauti kubwa. Wakaimba nguruwe aliyetoroka siku ya harusi, wakaimba kasisi aliyekwama matopeni, watu wakacheka mpaka bia ikawatoka puani. Miaka miwili baadaye mama alirudi benki, na yule karani akamwomba amwimbie kidogo. Hilo ulilifanya wewe, Derk. Sitalisahau, na asiyelikubali ni mchoyo.

Naona unatabasamu. Usitabasamu mapema.

Ndugu wageni, ninyi nawapenda kwa mbali. Mnakuja kila mwaka, mnajipaka matope kwa makusudi, mnatuambia, "Bibi, sema kitu kwa lugha yenu," na kabla sijamaliza sentensi mmeshacheka. Mnacheka nini? Nilikuwa nawaambia gari lenu limeziba njia ya trekta! Mnasema mnapenda maisha ya shamba, halafu mnaiandikia manispaa barua kwamba samadi inanuka. Mwaka juzi jogoo wa Gait Hoitink alishitakiwa. Ndiyo, Mheshimiwa Meya, usiangalie chini, ofisi yako ndiyo iliyopokea lile shitaka na kulipatia namba.

Na sanamu hii iliyofunikwa turubai hapa nyuma yangu, mnajua ilikaa wapi wiki tatu? Ghalani kwangu, kwa sababu manispaa ina ofisi arobaini na haina ghala hata moja. Kwa hiyo mimi nimeshaiona. Nitawaharibia utamu kidogo. Ni Derk, wa shaba, amekaa kwenye kigoda anamkamua ng'ombe. Nzuri. Pua yake imetoka kama ilivyo. Lakini amekaa kushoto kwa ng'ombe.

Watu wa Wolderbeek mmeshaanza kuguna. Wageni, nitawaeleza: ng'ombe wetu hukamuliwa kutoka upande wa kulia. Mtoto wa hapa anajua hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukimwendea ng'ombe kutoka kushoto, atakupiga teke na ndoo yako, na atakuwa na haki. Fundi wa sanamu simlaumu, yeye ni mtu wa mjini. Lakini nimeambiwa Derk alikaa mbele yake siku nane awe mfano. Siku nane! Mtu aliyeimba juu ya ng'ombe miaka arobaini alikaa siku nane upande wa teke, na hakuna kilichomwambia kwamba kuna kasoro. Profesa naye alikuja kuikagua, akaandika kwamba sanamu "inabeba roho ya wakulima". Debe tupu haliachi kuvuma.

Mnacheka. Haya, chekeni, kwa sababu sasa nakuja kwenye jambo lisilochekesha.

Derk alikuwa na ng'ombe kumi na wanane alioachiwa na baba yake. Bendi ilipoanza kuzunguka nchi, nani aliwakamua? Baba yangu, Arend Geurkink. Asubuhi wake, kisha wa Derk. Jioni wake, kisha wa Derk. Miaka sita. Hakulalamika. Alisema, "Kijana anaimba kwa ajili yetu, na sisi tukamue kwa ajili yake." Hata kofia yake aliitoa. Derk alisema yake ni mpya mno, haionyeshi ukulima, basi baba akaivua kichwani palepale ghalani akampa.

Baba alikufa Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka themanini na tatu, akiwa amebeba ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jirani wa kwanza, yaani Derk, alitakiwa aje, azunguke nyumba hadi nyumba, apange wabebaji. Hakuonekana. Nikampigia simu hotelini alikokuwa. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Hermien, mdogo wangu, pole sana. Lakini Jumamosi niko kwenye televisheni. Nchi nzima inasubiri. Baba yako angeelewa."

Nikamwambia, "Baba yangu haelewi tena kitu, Derk. Amekufa."

Akatuma shada la maua kubwa kama gurudumu la trekta, lenye utepe wa jina la bendi. Shada lilifika, mtu hakufika. Jumamosi wakasimama mlangoni wanaume watano. Watano, ndugu zangu. Jeneza lina pembe, halibebwi na watano. Wakatazamana, na mwanamke wakati ule hakuwa anabeba. Mama yangu akanigeukia akasema, "Vua hiyo mitandio, mwanangu. Shika." Nikashika, mbele kushoto, na viatu vyangu vya kanisani vikijaa maji ya theluji. Kilomita moja na nusu. Bega hili mpaka leo likiguswa na baridi linaniambia.

Tuliporudi kunywa kahawa, televisheni ya ukumbini ilikuwa inawaka. Na nani yuko ndani? Derk Wissink, na kofia ya baba yangu kichwani, anaimba wimbo mpya. Wageni mnaujua, mmeuimba ndani ya basi. "Jirani wa Kwanza." Mtu mmoja alikimbilia kuizima. Mama akasema, "Iacheni. Nataka kuiona kofia ya mume wangu." Tukakaa pale na nguo za msiba, tukasikiliza mpaka mwisho mtu akiifundisha nchi nzima namna majirani wa Wolderbeek wasivyoachana. Watu wa studio walipiga makofi wakiwa wamesimama.

Niliumia siku ile, na bado naumia. Sitawadanganya kwamba nimesamehe ili hotuba ipendeze.

Derk aliuza ng'ombe, akahamia huko walipo wenye televisheni. Vuli iliyopita alirudi, peke yake, mzee wa miaka sabini na minne. Mwezi uliopita alinibishia mlango wa mbele. Wa mbele, jamani! Mlango ambao kwetu unafunguliwa kwa bibi harusi, jeneza na mtoza kodi. Nikajua mtu huyu amesahau hata pa kuingilia.

Akasema, "Hermien, bendi imekwisha. Sina mke, sina mtoto. Nikienda, nani atanibeba?"

"Una mashabiki laki mbili."

"Mashabiki hawabebi."

"Kumbe umejifunza kitu."

"Nakuomba, dada. Nirudisheni kwenye nyumba sita."

Nikamwambia nitamjibu siku ya sanamu, kwa kuwa yeye alisema yake mbele ya nchi nzima. Leo ndiyo siku, na jibu ni hili.

Juzi asubuhi Riek Hoitink aliteleza uani kwake akavunjika nyonga. Yuko hospitali. Mumewe Gait, yule wa jogoo, ana miaka themanini na moja, mikono inamtetemeka, na ana ng'ombe kumi na wawili. Tangu juzi nawakamua mimi, na si zamu yangu. Nyumba iliyo karibu zaidi na ya Hoitink ni yako, Derk. Gari la wagonjwa lilipita chini ya dirisha lako. Nilipouliza ulikuwa unafanya nini, nikaambiwa ulikuwa ndani na kodiani, unafanya mazoezi ya "Jirani wa Kwanza" kwa ajili ya leo. Gait hakukuita, kwa sababu jirani wa kwanza haitwi. Amekaa jikoni siku mbili akitazama njia.

Kubebwa hakuombwi mlangoni kwa mtu. Kamua kwa Gait asubuhi na jioni mpaka Riek atembee. Madaktari wanasema miezi mitatu. Hapatakuwa na kamera, na Gait hatakushukuru, maana kwetu hatushukuriani kwa mambo hayo. Ukifika mwisho, basi siku yako ikija nitakuja mwenyewe, na wanaume watano nitawatafuta. Ukishindwa, watakubeba watu wa kampuni ya mazishi, wana kigari kizuri chenye magurudumu ya mpira.

Mheshimiwa Meya, ratiba inasema turubai likivutwa Derk ataimba. Vuteni tu. Yule wa shaba yupo, pigeni naye picha mpaka mchoke. Huyu wa nyama ana kazi: ng'ombe wa Gait wanakamuliwa saa kumi na moja, sasa ni saa kumi na dakika ishirini, na kwa miguu ni nusu saa.

Kwa niaba ya nyumba sita nawashukuru mliokuja kwa basi na mliokuja kwa baiskeli, na asanteni kwa kunisikiliza bila kunizimia kipaza sauti.

Derk, mbona bado umekaa?