Hakulogwa: Maisha ya Mwalimu Ézéchiel Kitwa, 1957–1999

Ndugu wa Kinkondja na wa Kamina, wazee wa kanisa, walimu na wanafunzi: mimi ni Lise, mdogo wake marehemu. Familia ilipanga wasifu huu usomwe na yaya Zébédée, kaka yetu mkubwa. Nilikataa, na mtasikia sababu.

Mwalimu Ézéchiel Kitwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 huko Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, mtoto wa pili wa mzee Likoke, mkaushaji wa samaki, na mama Agar. Mwaka 1970 baba yetu alianguka akishusha samaki mtumbwini, mkono kifuani, wala hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini. Kilio hakijaisha, baba zetu wadogo walisema mama njo alimukula bwana yake kwa bulozi, yaani uchawi. Wakamfukuza, na sisi watoto watatu nyuma yake. Mama Agar huyu hapa, ameketi mstari wa mbele. Mpaka leo hakuna aliyemwomba msamaha.

Ézéchiel alisoma kwa Wametodisti hapa Kamina, akapata diploma ya sekondari mwaka 1977. Alisomea ualimu wa biolojia Lubumbashi, na kuanzia Septemba 1980 alifundisha katika shule ya kanisa mpaka juma la mwisho la maisha yake. Aliendesha baiskeli polepole mno. Wanafunzi walimpita kwa miguu wakimsalimia, naye aliinua kofia kwa kila mmoja, hata akayumba na kuingia mtaroni. Akitoka mtaroni alicheka kwanza, ndipo akajipangusa.

Tarehe 21 Julai 1984 alimwoa Béatrice, mshonaji wa mtaa wetu. Mungu aliwapa watoto watatu: Amédée, Mbombo na Agar mdogo. Miaka yote niliyokula mezani kwao sikusikia mmoja akimdharau mwenzake.

Mwaka 1995 kifua kilianza kumbana kila alipopanda kilima. Alikwenda Lubumbashi kwa daktari wa moyo, daktari Moustapha, mwana wa mji wa Kasongo. Daktari alishika vidole vyake, akashika mishipa ya visigino, akaona vinundu vya manjano chini ya ngozi. Alipima mafuta katika damu, ile kolesteroli, akakuta imezidi sana, kwa mtu mwembamba mla bukari, ugali wetu, na samaki. Akamuuliza baba yake alikufaje. Kisha akatuma damu Ulaya, ichunguzwe kama ugonjwa huu ni wa kurithi.

Jibu lilifika mwaka 1997. Daktari alilisema kwa phonie, redio ya mawasiliano ya mission, na chumba kilikuwa kimejaa watu, yaya Zébédée akiwemo.

“Mwalimu, njo ile. Ugonjwa iko mu damu, baba yako njo alikupatia. Bandugu yako na batoto yako bote banapashwa kupimiwa. Dawa iko. Muntu anaweza kuishi nayo mpaka buzee.”

Ézéchiel alitoka pale akilia kwa furaha. Alinishika mkono. “Lise, mama hakukula muntu!”

Jumapili ile alikusanya ukoo wote. Kofiani alitia maharagi, nusu mekundu, nusu meupe. “Muzazi mugonjwa, kila mutoto anavuta moja,” alieleza. “Nyekundu, umerithi. Nyeupe, umepona. Hakuna mulozi mu hii kofia.” Watoto walivuta wakicheka. Yaya Zébédée alikunja mikono.

“Miye damu yangu haitaenda kwa Bazungu,” alisema. “Baba alilogwa. Bote banajua.”

Dawa ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, na kwa mwaka mmoja ndugu yetu alipanda kilima bila kusimama. Agosti 1998 vita vikaanza tena. Treni zikawa za askari, dawa ikakatika. Mwezi uliopita maumivu yalirudi, na daktari akasema kwa phonie: “Mulete hapa mbiyo.” Béatrice na mimi tulimpeleka gare, kituo cha treni. Afisa mmoja alitutazama akasema, “Hakuna nafasi ya baraia. Ni vita.” Nyuma yake walikuwa wanapakia viti vyake vya sebuleni, na firigo. Niliona kwa macho yangu. Kiti kilipata nafasi, mwalimu hakupata.

Alifariki Jumamosi tarehe 13 Machi 1999, mchana, uani kwake, akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Alimwambia mke wake, “Bakikusema, ubaambie iko mu damu.”

Na walimsema. Kabla hatujamwosha, yaya Zébédée alichukua funguo za nyumba kutoka mkononi mwa Béatrice. “Weye njo ulimukula,” akasema, mbele ya watoto. Mtu aliyesikia phonie. Mtu aliyeona maharagi!

Yaya, vua viatu hapa mbele ya watu, tazama visigino vyako. Vinundu ulivyo navyo ndivyo alivyokuwa navyo. Mimi nitapimwa, na watoto hawa watatu watapimwa, njia ikifunguka ama nitembee na reli mpaka Lubumbashi. Wewe ukikataa, basi kataa. Lakini siku yako ikifika, tutamfukuza mwanamke gani?

Marehemu ameacha mjane, Béatrice, ambaye nyumba ile ni yake na funguo zake zitarudishwa leo kabla mtu hajala, watoto watatu, mama yake, Agar, kaka mmoja, na mimi, dada yake.

Mwalimu, pumzika kwa amani. Huku kwetu ugomvi ndiyo sasa unaanza, na sitaunyamazia.