Fimbo ya Thurman na Soketi ya Bi Odessa

Dukani kwa Bi Odessa Crutcher, hapa ukingoni mwa ziwa Guntersville, kuna benchi moja, soketi moja na sisi watatu. Bi Odessa anauza chambo, na pale nyuma ya dirisha anaunda fimbo za kuvulia besi, yule samaki wa mdomo mkubwa anayewatoa watu kanisani. Shemasi Purvis ni shemasi kweli, wa Baptisti, ila siku za kazi ni wetu. Msumeno alikaa miaka thelathini kiwanda cha mbao na mpaka leo anaongea kama mashine zinanguruma. Mimi wananiita Kahawa, maana nachemsha mimi na sitaki mtu anigusie birika. Asubuhi hiyo Bi Odessa alikuwa ameenda Scottsboro kuchukua visamaki vya chambo, akatuachia duka. Dirishani ilikuwa imelala fimbo mpya ya Thurman Bice, imetoka tu kupakwa gundi ya kung'arisha. Thurman alidondoka kwenye paa la banda la kuku akavunjika kifundo cha mkono, na mwaka mzima hajavua, kwa sababu samaki akivuta, fimbo inajipindua mkononi na maumivu yanamtoa machozi. Jumamosi kuna mashindano. Alishasema fimbo hii ikishindwa, boti anaiuza. Wavu wake wa kuopolea samaki keshamgawia Msumeno.

— Hebu zioneni hizo pete za kupitishia mshipi, alisema Shemasi, kabandika pua kwenye kioo. Ya kwanza iko juu. Ya pili imekaa ubavuni. Ya tatu imeteremka, na zilizobaki zote ziko chini tumboni. Yule mama alipitiwa na usingizi.

— Hajapitiwa, nikamwambia. Ndivyo alivyokusudia. Zinauzunguka ufito kama mharagwe unaopanda mti.

— Kwa faida ya nani?

— Ya Thurman. Pete zikiwa juu zote, samaki akivuta zinataka kwenda chini, ndipo fimbo inapojigeuza mkononi. Hizi zimeshafika chini. Hazina tena pa kwenda.

— Hayo kakwambia muuzaji, akadakia Msumeno. Ngoja mimi nikupe ukweli. Mshipi ukipita kwa kuzunguka, chambo nacho kinatoka kinazunguka. Besi anakitazama, anashikwa na kizunguzungu, anafungua mdomo atapike. Hapo hapo umemnasa.

— Besi hatapiki, Msumeno.

— Umewahi kumuuguza?

— Mimi nashikilia ni kosa, alisema Shemasi. Aliikosea pete ya pili, akaona haya, akazikosea na zilizofuata ili zifanane. Mbona kwaya yetu inafanya hivyo kila Jumapili? Mmoja anapotea, wote wanamfuata.

— Basi kama si kizunguzungu, fimbo hii si ya huku, alisema Msumeno, na hapo nikajua tumekwisha. Hii ni ya Australia. Kule maji yanazunguka kinyume. Posta wamechanganya mizigo. Saa hizi kuna Mwaustralia kashika fimbo ya Thurman, anajiuliza mbona pete zimenyooka.

— Bi Odessa kaifunga hapo hapo tukimwona. Posta imeingiaje?

— Posta huwajui wewe.

Shemasi alicheka mpaka akajimwagia kahawa gotini. Nikamwongeza. Kahawa ya siku ile ilikuwa imekolea vizuri, na sisemi kwa kujisifu.

Ndipo pikapu ya Thurman ikaingia. Akatusalimia kwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake siku hizi.

— Karibu, mzee wa paa, alisema Msumeno. Tunaitetea fimbo yako.

— Nimekuja kuichungulia tu, wazee. Usingizi umenipiga chenga.

Akasimama dirishani, kofia mkononi.

— Hivi, akauliza taratibu, Bi Odessa si alisema itazungushwa mpaka jioni, gundi isichuruzike? Mbona imesimama?

Shemasi akatazama kikombe chake. Msumeno akatazama cha kwake. Mimi nikaufuata kwa macho waya wa birika langu mpaka kwenye soketi, na chini ya soketi, sakafuni, ulikuwa umelala waya wa ile mota kuukuu ya kuchomea kuku ambayo Bi Odessa huzungushia fimbo. Nilikuwa nimeuchomoa mwenyewe. Nilisema nitaurudisha maji yakichemka, halafu akaja besi mwenye kizunguzungu.

— Imesimama kwa muda gani? Thurman akauliza.

— Vikombe viwili, alijibu Shemasi.

Tukakimbilia nyuma ya kile kioo. Nikachomeka mota, ikanguruma bila kuzunguka, maana hupigwa kofi mahali anapopajua Bi Odessa peke yake. Gundi ilikuwa imeanza kuning'inia chini ya pete. Basi tukaizungusha kwa mkono, pole pole, fimbo ikiwa juu ya vibao vyake. Shemasi aliimba wimbo wa mazishi ili tusiende mbio. Nikachoka mimi, akachoka Msumeno.

— Nipeni, alisema Thurman.

— Na mkono wako?

— Nipeni.

Akaishika kwa mkono wa kulia, vidole viwili, akazungusha. Hakuna aliyemtania. Alikuwa bado anazungusha Bi Odessa alipoingia na ndoo zake.

— Mnaifanya nini fimbo ya watu?

— Tunaiombea, alisema Shemasi bila kuinua macho.

Bi Odessa akatazama soketi, akatazama birika, akanitazama mimi. Akaizaba mota kofi moja, ikaamka. Kisha akainama na tochi.

— Pete ya tatu ina tone. Dogo tu. Naweza kulikwangua nipake upya, lakini Jumamosi hutaiwahi.

— Liache, alisema Thurman. Alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake, kama anavihesabu. Halafu akamgeukia Msumeno.

— Ule wavu wangu, Jumamosi nitauhitaji.

Msumeno aliinuka akaenda garini kuuleta.