Hakuna Maendeleo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, afisa maendeleo mstaafu, na familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyemsumbua zaidi.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Hatua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari 1975, akiongoza darasa kwa hesabu na kwa adhabu, maana alikuwa akicheza dansi kwenye gwaride.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya ufumaji, akakutana huko na shemeji yetu, fundi umeme, aliyetangulia mwaka 2011, wakafunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na kujaliwa binti na mvulana. Mwaka 1991 alipandishwa cheo kuwa msimamizi, akakataa, akaacha kazi, akakodi ghala tupu la viazi na kufundisha dansi. Nilimwambia mbele ya watoto wake kwamba wenzake wanapiga hatua, yeye anarudi nyuma, naye akanijibu kwamba mambo ya hatua nimwachie yeye. Nikanuna miaka sita, hadi mazishi ya mama, na nilinuna kweli, si kwamba nilibanwa na kazi kama nilivyodai.

Mwaka 2004 kiwanda kilipofungwa, aliwapanga wafumaji sitini kwenye ua wa kiwanda, wakacheza kwa mikono mitupu kazi yao yote, zamu nzima ya saa nane bila mashine, wakati ofisi yangu ikiandika kwamba eneo lile linasonga mbele.

Tarehe 21 Juni 2022 alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza, na baada ya miezi mitano ya mazoezi nikaona kwenye faili lake mwandiko wa daktari: hakuna maendeleo. Mimi nililia, yeye akacheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha dada akasema amepata jina la onyesho lake la mwisho. Tarehe 18 Machi 2023, mle ghalani, alitembea kutoka kitini hadi mlangoni, mita nne, kwa dakika thelathini na tano, wanafunzi wakimfuata kwa mwendo wake, nami nikiwa nimemshika mkono. Nilimvuta kidogo, mazoea ya kazi, akaniuliza wote wakisikia, wee bwana, unakwenda wapi? Miaka thelathini na minne ofisini sikuwahi kuulizwa hivyo, nikasimama naye.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, kwa kiharusi cha pili, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo aliyeandika faili, hatuna kinyongo naye, pamoja na majirani waliombeba hadi kwenye gari, wafumaji wenzake na wanafunzi wake.

Dada, lile neno la mbele ya watoto wako sikuwahi kulifuta, nilidhani kukushika mkono kumetosha. Leo nalifuta mbele yao: hukurudi nyuma, mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Pumzika kwa amani, hakuna atakayekuvuta tena.