Mwalimu wa Getini

Mwaka 1995 nilipanda pikapu kutoka Rulenge kwenda kambi ya wakimbizi ya Benaco. Mbele yangu alikaa kijana mwenye kitambulisho kikubwa kifuani, na pembeni yake mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi.

"Shikamoo mama," kijana akasalimia.

"Marahaba. Wewe ni mkubwa wa shirika?"

Kijana akacheka kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka kuulizwa tena. Akasema anaitwa Frednand, amefundisha darasa la tatu miaka tisa, na sasa yuko geti la kambi. "Gari likija nanyanyua mti. Likipita naushusha."

"Na kunyanyua mti ulisomea chuo gani, mwanangu?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kidogo.

"Mama, nimefundisha miezi minne bila mshahara. Heshima hailiwi."

"Kweli, hailiwi. Ila mjukuu wangu Recho yuko darasa la tatu hapo Rulenge. Tangu Januari anawafundisha mpishi wa shule."

Frednand akainamisha kichwa. Akasema akishaezeka nyumba yake bati atarudi, maana kazi ya geti haimwingii moyoni. "Nikilala naota nasahihisha madaftari."

"Basi na la Recho lisahihishe huko huko ndotoni."

Pikapu ikasimama getini. Frednand akashuka bila kuaga. Mama akanigeukia: "Na wewe, baba, unafanya kazi gani?"

Nilikuwa tabibu wa zahanati yetu, nikienda kuomba kazi ya kugawa sabuni kambini. Nikamwambia mvua mwaka huu zimechelewa.